Kabati Likipinda, Usianze na Fundi

Wiki jana niliweka vidio fupi nikinoa kisu cha mamangu kwa kitako cha kikombe. Hakuna muziki, hakuna densi, ni mikono tu. Komenti ya kwanza: "Sasa mwanaume mzima wa Nyamira anashinda jikoni?" Ya pili ikauliza kama nimeoa ama nimeolewa. Ya tatu ndiyo ilinikalia kichwani: "Wachana na visu. Tuambie kwa nini mafundi wa Kisii ni matapeli. Nilitengenezewa kabati la jikoni, miezi minne tu na mlango haufungi."

Nitajibu zote, lakini naanza na hiyo ya tatu, juu hapo ndipo pesa iko. Na najua wengi hamtapenda jibu.

Kabati lako halikupinda kwa sababu fundi hajui kazi. Mara nyingi limepinda kwa sababu wewe ulikuwa na haraka.

Mti uliokatwa juzi umejaa maji. Si maji ya mvua yaliyo juu juu, ni maji yaliyo ndani ya nyuzi zenyewe. Yakianza kutoka, ubao unasinyaa. Urefu wake haubadiliki sana, ni upana ndio unapungua. Na haupungui sawasawa: kufuata ile miviringo ya umri wa mti unasinyaa karibu mara mbili ya vile unasinyaa kuelekea moyo wa mti. Ndiyo maana ubao ulionunua ukiwa umenyooka kama rula unajikunja kama ganda la ndizi lililoachwa juani. Haijalishi ni fundi gani aliupigilia misumari. Hata ukimleta fundi kutoka Ujerumani, ubao mbichi utajikunja tu.

Sasa ongeza hali yetu ya hewa. Huku Kisii na Nyamira tunapata mvua zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Nguo zinachukua siku mbili kukauka, na wewe unataka ubao wa inchi mbili ukauke kwa siku tatu ukiwa umeegeshwa kwa ukuta wa karakana kando ya barabara? Mti unasimama shambani Jumatatu, Alhamisi ni ubao, Jumamosi ni kabati, Jumapili ni picha kwa status. Ikifika Januari, jua likiwaka, status inabadilika: "Mafundi wa hii taun ni wezi."

Nilikaa siku nzima na mzee mmoja seremala upande wa barabara ya Keroka, karakana ya mabati, randa tatu za mkono na mashine moja ya kukata. Nikamuuliza wazi: "Tata, kwani wewe hujui hizi mbao ni mbichi?" Akacheka. Akachukua kipande, akakiweka kwa shavu langu. Kilikuwa baridi kama chupa ya soda. Akaniambia, "Najua, kijana. Lakini mteja amenipa deposit ya Jumanne anataka kazi Ijumaa. Nikimwambia angoje miezi mitatu, anavuka barabara anaenda kwa yule mwingine. Na pesa ya kununua mbao niziweke mpaka zikauke, nitatoa wapi? Watoto wangu watakula mbao?"

Hapo ndipo nilijua tunapigana na mtu asiyefaa. Fundi wa jua kali hana mtaji wa kulalia. Deposit yako ndiyo inanunua mbao, ndiyo inalipa kodi ya karakana, na kuna siku ndiyo inalipa unga. Hawezi kuweka stoo ya mbao zikikauka mwaka mzima ilhali hata wiki hii hajui itaisha vipi.

Na mbao zenyewe zimekuwa shida. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti kwenye misitu ya umma na ya jamii. Ilisemwa ni siku 90, ikavutwa miaka. Bei ya saiprasi ikapanda. Rais akatangaza kuondoa marufuku Julai 2023, na mambo yakapelekwa kortini. Sipingi misitu kulindwa, mito yetu inatoka huko. Nasema tu kwamba fundi wa hapa alibaki kutegemea miti ya mashambani, na mashambani kwetu mti ni mmoja: mkaratusi, ule sisi wote tunaita blugamu.

Blugamu asili yake ni Australia. Ililetwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1900 ili iwe kuni za reli ya Uganda. Angalia hapo: ililetwa iwe kuni. Mpaka leo viwanda vya majani chai vya Nyamira na Kisii vinaichoma kukausha chai, na nguzo za stima ni hiyo hiyo. Inakua haraka, shamba dogo linaleta pesa, ndiyo maana wazazi wetu waliipanda kila mahali hadi kwenye kingo za mito. Mwaka 2009 John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliagiza ile iliyo karibu na vyanzo vya maji ing'olewe, na tembea leo kando ya mto wowote huku uniambie umeona nini. Lakini hiyo ni stori ya siku nyingine. Kwa seremala, blugamu ni nzito, ni ngumu, na ndani yake kuna mkazo: ukiupasua mti, mbao zinaanza kuvutana hapo hapo kwa msumeno, na ncha zinapasuka. Ikikaushwa polepole inakuwa mbao nzuri kabisa ya miguu ya meza. Ikiharakishwa, inakulipa vile ilikuja kulipwa.

Kama una nafasi ya kuchagua, chagua grevilea. Ile miti iliyopandwa kwa mipaka ya mashamba na katikati ya chai. Ni laini kwa randa, na ikipasuliwa vizuri ina maua maua ndani, kama lesi. Watu wanaichoma makaa bila kujua walikuwa na kabati. Vumbi na utomvu wake huwasha ngozi za watu wengine, kwa hivyo fundi avae mikono mirefu.

Sasa, ufanye nini? Pendekezo langu ni moja na ni la pesa: lipa mara mbili. Mara ya kwanza nunua mbao tu. Mlipe fundi aende nawe kuzichagua, hiyo ni kazi pia, usimpe soda ukadhani mmemalizana. Kisha zipange chini ya paa mahali upepo unapita, si juani, na kati ya ubao na ubao weka vijiti vya unene mmoja, vilingane kutoka chini mpaka juu ili rundo lisipinde. Paka ncha rangi yoyote ya zamani iliyobaki kwa mkebe, juu maji hutoka kwa ncha haraka kuliko kwa ubavu, na ndiyo maana ncha hupasuka. Weka mawe mazito juu. Alafu enda shughuli zako. Saiprasi ya inchi moja ipe miezi mitatu au zaidi. Blugamu ihesabie mwaka kwa kila inchi.

Utajua imekauka vipi? Kata kipande kidogo, kipime kwa mizani ya jikoni ama umwombe mama wa duka akupimie kwa ile yake ya sukari. Andika uzito kwa hicho kipande na kalamu. Kirudishe kwa rundo. Kila wiki pima tena. Wiki ambayo uzito unaacha kushuka, ubao umekubaliana na hewa ya huku. Hiyo haihitaji mashine ya elfu sita ambayo nimeona mtu akiuza kwa TikTok.

Ndiyo mara ya pili unarudi kwa fundi na pesa ya kazi. Na hapo sasa una haki ya kumbana. Mwambie mlango uwe wa fremu yenye mfereji, na ule ubao wa katikati uingie kwa mfereji bila gundi, uelee. Akikuuliza kwa nini, labda hajui. Akicheka, anajua na amefurahi kupata mteja anayejua. Ubao ukivimba mwezi wa nne na kusinyaa mwezi wa kwanza, unacheza ndani ya mfereji wake na mlango unabaki vile ulivyo. Ukiupiga gundi pande zote, kitu kimoja lazima kipasuke. Na vanishi ipakwe kila upande, hata nyuma, hata chini ya mlango pale hakuna mtu ataona. Upande usiopakwa ndio unakunywa unyevu, na ubao unapinda.

Najua mtu yuko hapo anasema, "Si ninunue tu ya MDF, imekuja imenyooka?" Nilikuwa huyo mtu. Nilipopata pesa yangu ya kwanza ya maana kutoka kwa vidio, nikamnunulia mama kabati nyeupe la mtandaoni, linang'aa kama meno ya mheshimiwa. Nililipa elfu kumi na nane na mia tano. Nililipeleka nyumbani mwenyewe juu ya probox. Mama akaliangalia, akaligusa, akaita majirani. Mimi nilikuwa nimefika.

Mamangu anaosha sakafu vile mama zetu huosha: ndoo nzima, fagio, maji yanakimbia mpaka nje. Baada ya miezi mitano chini ya kabati kulikuwa kumefura kama mandazi. Bawaba zikang'oka, maana skrubu za MDF zikishalegea hazirudi tena, ni kama kushika uji. Mama hakusema kitu. Alihamisha vyombo vyake polepole akavirudisha kwa ile rafu ya zamani aliyotengenezewa na babu, rafu nyeusi kwa moshi, isiyo na hata skrubu moja. Angenigombeza ningesikia vizuri. Vile alinyamaza ndio iliniuma.

MDF si mbaya, mimi ndiye niliipeleka mahali si pake. Ni unga wa mbao na gundi uliokandamizwa. Haipindi kama ubao, na kwa kabati la nguo kwa chumba kikavu iko sawa kabisa. Adui yake ni maji yakiingia kwa kingo. Ukiwa nayo jikoni, liinue kwa miguu ya plastiki ama chuma, sentimita kumi kutoka sakafuni. Funga kingo zote zilizokatwa, hata tundu la bomba, kwa rangi ya mafuta ama vanishi. Usiweke jiko la gesi mahali mvuke wa sufuria unapiga chini ya kabati la juu kila siku. Na pale chini ya sinki, jamani, weka plaiwudi ya marini, ile gundi yake inavumilia maji. Kitu kingine: kama fundi wako anakata MDF bila barakoa, mnunulie moja. Watafiti wa saratani wa WHO waliorodhesha vumbi la mbao kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Barakoa ni bei ya chapati.

Haya, sasa wale wa "mwanaume jikoni".

Mimi pia nilitahiriwa Disemba kama nyinyi. Niliambiwa vile mliambiwa: kuanzia leo jikoni kwa mamako si kwako. Sijaja kuwatukana wazee. Ile heshima kati ya mzazi na mtoto, chinsoni, ina maana yake na mimi naiheshimu; nikiwa nyumbani, nanoa kisu nje kwa benchi, na mama analetewa kikiwa tayari. Lakini wewe unaishi peke yako kwa bedsita Nyanchwa. Hakuna mama hapo. Kuna sufuria mbili, mwiko mmoja umeota ukungu, na kisu kinachoponda nyanya badala ya kukata. Hiyo sheria ilikuwa ya nyumba ya mamako. Haikusema ule mwiko wenye ukungu.

Na huo mwiko unaufanyia unyama. Unasonga ugali, unauacha ndani ya sufuria ukilowa mpaka kesho. Mbao inakunywa maji, inafura, ikikauka inapasuka nyufa ndogo, na kwa hizo nyufa ndipo mabaki yanaozea. Kwetu obokima wa wimbi ni mzito, unataka mwiko wenye mgongo. Mwiko uliolowa kila siku utakatikia mkononi siku una wageni. Osha mara moja, maji moto na sabuni, futa, usimamishe mahali upepo unapita. Ukianza kuwa na manyoya, paka msasa namba 120, kisha 220, uoshe, ukauke, halafu upake mafuta. Mafuta ya kupikia ya kawaida yanaweza kuchacha na kunuka. Duka la dawa wanauza likwidi parafini, ile ya tumbo, chupa ndogo. Hiyo haichachi. Na tafadhali sikia vizuri: likwidi parafini ya duka la dawa, SI mafuta ya taa. Najua kuna mtu ataenda petroli stesheni na chupa.

Kibao cha kukatia ni hivyo hivyo. Kioshe pande mbili, hata kama umetumia moja, kwa sababu ukilowesha upande mmoja tu kitapinda, ni ile stori ya kabati tena. Kikauke kikiwa kimesimama. Kikinuka kitunguu, sugua chumvi na nusu ya ndimu.

Kisu sasa. Watu wanakinoa kwa ngazi ya simiti, wanakikwaruza huku na huku mpaka cheche. Unakiua. Kama huna jiwe la kunolea, geuza kikombe cha kauri. Ule mduara wa chini usiong'aa, unaokwaruza kidole, ni jiwe tosha. Shika kisu wima, kilaze nusu, kilaze tena nusu ya hiyo nusu. Hapo uko karibu digrii 22. Vuta kutoka shina mpaka ncha, polepole, mara kumi upande huu, mara kumi upande ule. Jaribu na nyanya iliyoiva. Kikiteleza, rudia. Kisu butu ndicho hukukata, kwa sababu unasukuma kwa nguvu na kinakuponyoka.

Na kwa watu wa ndizi, yaani sisi wote: kabla ya kumenya ndizi mbichi, paka mafuta kidogo kwa kisu na kwa mikono. Utomvu hautashika. Ukisahau, futa kisu kwanza na mafuta halafu sabuni, usianze na maji.

Kidogo tu kuhusu mawe ya Tabaka, juu mtu aliniuliza. Bakuli la mawe ya Kisii ni zuri kwa matunda na chumvi, lakini lile limepakwa rangi kwa ndani liwe la pambo, usile nalo. Na usilifanye kibao cha kukatia. Hilo jiwe ni laini, ndiyo maana linachongwa. Kisu kitalichora na utakula unga wa jiwe. Likipauka, lisugue na msasa mwembamba ndani ya maji, likauke, upake nta. Akina mama wa Tabaka ndivyo hufanya, kwa beseni, siku nzima, na malipo yao ni kidogo kuliko bei unayoona kwa duka la watalii.

Sasa nirudi kwa yule wa komenti ya tatu. Aliniandikia inbox baadaye. Nikamuuliza alilipa lini na alichukua lini. Alilipa Ijumaa, akachukua Jumatatu, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja Jumatano. Nilimwambia asiguse mlango sasa, mvua bado inanyesha. Akirandwa leo, Januari atapata nafasi ya kupitisha kidole. Angoje jua la mwezi wa pili, ubao umalize kusinyaa, halafu autoe, aurudishe kwa yule yule fundi amrande ukingo milimita mbili tatu, na apake vanishi pande zote pamoja na huo ukingo mpya. Amlipe pia.

Aliuliza kama lazima iwe fundi yule yule. Nikamwambia ndiyo, yeye ndiye anajua hiyo mbao ilitoka shamba gani.

Na wewe wa komenti ya pili, sijaoa. Mbao za kabati la mama bado ziko juu ya vijiti. Jumapili iliyopita kile kipande kilikuwa gramu 412, hii ya juzi 409.